Kabla Hujapiga Picha Lodwar, Jua Itabandikwa Wapi

Vijana wengi wa Lodwar na Kakuma wanaoishi kwa kamera hawafanyi kazi moja tu. Huyo huyo aliyepiga picha za harusi Jumamosi ndiye atakayetengeneza bango la zahanati Jumatatu, kisha jioni achore nembo ya kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu vya mkoma. Kuchanganya fani hizi ni jambo zuri, na huku kwetu ni riziki pia. Tatizo ni kwamba wengi hupiga picha kwanza, halafu wakishaketi kwenye kompyuta ndipo wanapoanza kutafuta pa kuandika maneno. Ushauri wangu mkuu ni huu: amua picha itakaa wapi kabla hujainua kamera. Ikiwa ni ya ukuta wa zahanati, kitabu, simu au fulana, jambo hilo ndilo litakaloamua usimame wapi, upige saa ngapi na umwombe mtu idhini ya namna gani.

Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, naye alichanganya fani. Alipiga picha za gazeti na filamu za habari, na kupitia kampuni yake ya Camerapix akatoa pia vitabu vya picha, kikiwemo Cradle of Mankind cha mwaka 1981 kuhusu eneo la Ziwa Turkana.

Tuanze na mwanga. Lodwar iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu karibu mwaka mzima, na hupanda upesi. Mwanga laini wa asubuhi haukai sana. Ikifika saa tatu, macho ya unayempiga yameshazama kwenye vivuli vyeusi. Saa za mchana wape vitu: mshono wa kikapu, shanga, au ekicholong, kile kigoda cha mbao ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia na pia hukilazia kichwa. Ikibidi kumpiga mtu saa sita, mweke kwenye kivuli cha mti au mlangoni mwa nyumba akiangalia nje. Mchanga ulio mbele yake utamrudishia mwanga usoni.

Kuna kosa moja linaloharibu picha nyingi za huku. Kamera ikiona mchanga unaong'aa hudhani mwanga umezidi, ikaufifisha, na uso mweusi ukabaki doa lisilo na macho. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo kisha vuta alama ya jua juu kidogo. Kwenye kamera, ongeza kipimo cha mwanga kwa hatua moja, utazame tena. Usikubali kuambiwa kwamba ngozi nyeusi haipigiki. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak iliyoitwa Shirley, yenye sura ya mwanamke mzungu. Kasoro ilikuwa kwenye kipimo. Na upepo wa Turkana ukivuma, usibadilishe lenzi. Funga kamera kwa leso safi usubiri utulie.

Sasa maandishi, na hapa ndipo Kakuma inapomtaka msanii awe makini. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016, na watu wametoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko. Bango moja la chanjo linaweza kubeba Kiswahili, Kiturkana, Kisomali, Kiarabu na Kidinka. Kiarabu husomwa kutoka kulia, kwa hiyo acha nafasi upande wa kulia tangu unapopiga picha. Ukimsimamisha mtu hapo, maneno yatakosa pa kuanzia. Programu nyingine za usanifu huvuruga Kiarabu: herufi zinazopaswa kushikana husimama mbali mbali, na neno zima hugeuka kinyumenyume. Asiyejua lugha haoni kosa, na anayeijua hawezi kusoma. Kidinka nacho kina herufi kama ɛ, ɔ na ŋ, na fonti isiyokuwa nazo huchapa visanduku vitupu. Chapisha nakala moja, mpe msemaji wa lugha hiyo asome kwa sauti, ndipo uagize mia.

Wapo pia wasiosoma lugha yoyote. Kwa ajili yao, jaribu picha bila maneno: mwonyeshe mtu aliyepanga foleni ya maji, umuulize anaona nini. Akikuambia kitu kingine kabisa, picha ndiyo ya kurekebisha.

Katika kuchora nembo, una walimu wa zamani karibu nawe. Chapa za mifugo za Waturkana huchomwa kwa chuma cha moto, kwa hiyo hazina urembo mdogo mdogo. Ni mistari na duara chache zinazotambulika kwa mbali, na zinamtaja mwenye mnyama. Miaka ya 1970 watafiti B. M. Lynch na L. H. Robbins waliona kwamba michoro kwenye mawe ya makaburi ya Namoratunga, karibu na Lokori, inafanana na chapa hizo. Jifunze kutoka kwa chapa hizo, lakini usichukue chapa ya ukoo ukaiuza kwenye fulana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inadai idhini ya jamii husika kwanza.

Idhini ya mtu binafsi nayo iwe na maelezo kamili. Kusema "Mama, naomba nikupige picha" hakutoshi. Sema: "Mama, picha hii itabandikwa kwenye zahanati na kuwekwa Facebook, watu wa mbali wataiona. Unakubali yote mawili?" Aliyekimbia vita anaweza kuukubali ukuta na kuukataa mtandao, na ana sababu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kubadilisha nia, na kwa mtoto inataka mzazi au mlezi akubali. Septemba 2023, shule moja nchini Kenya ilitozwa shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ndani ya kambi, pata pia kibali cha Idara ya Huduma za Wakimbizi.

Ukifika kwa mchapishaji, jua kwamba chapisho la A3 lililo safi linahitaji pikseli 3,508 kwa 4,961. WhatsApp hupunguza picha, kwa hiyo itume kama faili, au ipeleke mwenyewe kwenye flashi. Bluu na kijani vinavyowaka kwenye kioo hufifia kwenye wino, kwa hiyo dai sampuli.

La mwisho ni mkataba. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya picha hudumu miaka 50, lakini kazi uliyoagizwa kufanya huhesabiwa kuwa ya aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Shirika likikuita Kakuma kwa siku mbili, andikeni kabla ya kuanza: nani anamiliki picha, jina lako litatajwa wapi, zitatumika kwa muda gani, na je, waliopigwa watapata nakala zao.