Mgeni Siku Mbili: Mwanafunzi wa Kwale na Lahaja Yake Katika Wiki ya Kwanza Chuoni

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kauli hii inamhusu kwa karibu mwanafunzi mpya wa chuo kikuu. Siku mbili za kwanza humalizikia katika foleni: kusajiliwa, kukabidhiwa ufunguo wa chumba, kuulizia maktaba na kunakili ratiba kwenye ubao wa matangazo. Siku ya tatu huketi katika ukumbi wa mihadhara, na hapo ndipo anapopewa jembe. Makala haya yanamwangalia mwanafunzi atokaye Kwale ambaye amechagua Kiswahili kuwa somo lake. Yanadai kwamba kinachoweza kumtatiza zaidi katika wiki hiyo si chumba wala chakula, bali ni ulimi wake. Na kwamba ulimi huo huo ndio hazina aliyokuja nayo.

Lugha alizokulia

Mtoto wa Diani au Msambweni hukua katikati ya lugha nyingi. Wadigo ndio wengi katika ukanda huo, na Waduruma wako upande wa bara. Ukielekea kusini, Kichifundi husikika Funzi na Shimoni, nacho Kivumba Wasini na Vanga. Ukivuka kivuko cha Likoni, unaingia Mombasa, makao ya Kimvita. Kwa hiyo, mwanafunzi huyu hufika chuoni, kuwe ni Kilifi au Nairobi, akiwa tayari amezoea kuhama kutoka usemi mmoja hadi mwingine kutegemea anayezungumza naye.

Tatizo huanza pale anapotakiwa kujieleza mbele ya wenzake. Neno moja la nyumbani likimponyoka, kicheko huzuka, na wakati mwingine husahihishwa kana kwamba amekosea. Kinaya ni kwamba wanaocheka huenda wanazungumza Sheng wakirudi mabwenini. Aliyechekwa huamua kunyamaza, na anayenyamaza wiki ya kwanza huweza kunyamaza muhula mzima.

Je, ni kosa?

Historia inatoa jibu. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kuwa Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kuusimamia usanifishaji huo. Kimvita, lahaja ya mji uliokuwa mwenyeji wa mkutano, hakikuchaguliwa licha ya fasihi yake kongwe. Asemaye *mtele* kwa *mchele*, *ndia* kwa *njia* au *kuteka* kwa *kucheka* hakuharibu lugha. Lahaja yake ndiyo iliyoachwa nje. Usanifu basi ni matokeo ya uamuzi, wala si kipimo cha ubora wa ulimi wa mtu.

Sarufi nayo inatoa ushahidi. Wadigo wenyewe hujiita *Adigo*, na lugha yao huiita *Chidigo*. Katika majina haya mawili tu mna somo zima la ngeli: *a-* inasimama mahali pa *wa-*, na *chi-* mahali pa *ki-*. Kiswahili sanifu chenyewe hugeuza *ki-* kuwa *ch-* mbele ya irabu nyingi: *ki-angu* huwa *changu*, *ki-eusi* huwa *cheusi*. Kidigo huiweka *ch* hiyo hata mbele ya konsonanti. Kanuni ambayo mwanafunzi mwingine ataikariri kitabuni, wa Kwale ameisikia tangu utotoni.

Mapendekezo

Kwanza, mwanafunzi huyu aanzishe daftari la maneno na maumbo ya nyumbani katika wiki hiyo hiyo ya kwanza, kabla sikio halijazoea mapya. Pili, amuulize mhadhiri ni kozi gani zinazofundisha isimu ya lahaja. Tatu, ajiunge na chama cha wanafunzi wa Kiswahili, ambako swali lake litapata wasikilizaji. Nne, asiupuuze usanifu: mitihani huandikwa kwa Kiswahili sanifu, na lugha hiyo ndiyo itakayomwezesha kuieleza lahaja yake kwa msomaji wa Kampala au Dodoma. Wenzake nao wana wajibu: badala ya kucheka, waulize neno hilo lina maana gani na husemwa wapi.

Hitimisho

Kuzoea chuo si kuacha ulikotoka. Mwanafunzi akinyamazishwa katika wiki ya kwanza, hapotei yeye peke yake. Darasa zima limepoteza shahidi wa Kidigo, Kichifundi au Kivumba, lugha ambazo wengi watazijua kwa kuzisoma tu. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Huyu wa Kwale alikuja na lake mkononi; kilichobaki ni kuonyeshwa shamba.