Barua ya Ndugu Tusiyoitaka

Somo: Nehemia 6

Wakristo wengine huuliza: Nikiletewa barua na ndugu yangu, nayo ni ya matusi, au yanitaka niende kwa mganga, je, yanipasa kuipokea? Hapa Ikola, kama penginepo kandokando ya Ziwa Tanganyika, barua nyingi zimesafiri mikononi mwa watu, wala si kwa posta tu. Miaka mingi meli ya Liemba, iliyoanza safari zake mwaka 1927, ilipita baina ya Kigoma na Kasanga, na kila abiria aliweza kuwa tarishi. Kwa hiyo kumkataa mjumbe huonekana kama kumkataa ndugu mwenyewe. Siku hizi maneno huja kwa simu pia, lakini swali ni lile lile.

Na tumtazame Nehemia. Sanbalati na wenzake walimwita mara nne wakutane katika bonde la Ono, wakikusudia kumdhuru. Mara nne alikataa, maana kazi ya ukuta ilikuwa mikononi mwake. Mara ya tano ikaja barua isiyofungwa, yenye uwongo. Nehemia alijibu kwa maneno machache ya kweli, akamwomba Mungu nguvu, akaendelea na kazi. Ukuta ukamalizika kwa siku 52.

Lakini barua zilizo ngumu zaidi ni zile za mwisho wa sura. Tobia alikuwa mkwe wa Shekania, na mwanawe alimwoa binti wa Meshulamu. Kwa ajili ya ujamaa huo wakuu wa Yuda waliandikiana naye na kumsifu mbele ya Nehemia, naye huku akipeleka barua za kumtisha. Twaona basi kwamba ujamaa hauifanyi barua mbaya kuwa njema.

Tufanyeje? Kwanza, tupime: barua ya ndugu mwenye njaa au ugonjwa si ya kukataliwa, hata ikitulemea. Pili, ikiwa ni ya matusi, au ya kutuvuta tumwache Mungu, tujibu mara moja tu, kwa heshima, kwamba hatutapokea tena za namna hiyo. Tatu, ikija nyingine, tumrudishie mjumbe ingali imefungwa. Hata posta humrudishia mwandishi barua iliyokataliwa. Nne, tusiisome barazani. Mwisho, tumwombee aliyeandika, na akija mwenyewe apewe kiti na maji. Tumekataa barua, ndugu hatukumkataa.

Swali la kuulizana: Kwa nini Nehemia aliijibu barua ya Sanbalati, lakini hakwenda Ono?