Makato ya mshahara hayajengi nidhamu saluni

SWALI: Nina saluni Mwanza yenye wasusi wanne. Wanachelewa, wanachezea simu mteja akiwa kwenye kiti, na wakiharibu draya nawakata mshahara. Mbona hawabadiliki?

JIBU: Hawabadiliki kwa sababu adhabu imetangulia kanuni. Msusi asiyeelezwa saa kamili ya kufika huyaona makato kuwa ni hasira za bosi tu. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuruhusu ukate utakavyo. Ili kufidia hasara, mfanyakazi lazima akubali kwa maandishi, kosa liwe lake, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kwa hiyo andika kanuni chache kuhusu saa za kazi, simu, usafi wa vifaa na namba za wateja. Wasomee, wasaini, anayekosea muonye kwa mdomo, akirudia mwandikie barua.

Utasema karatasi ni mambo ya kampuni kubwa. Lakini kumwachisha kazi aliyefikisha miezi 6 kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki, hata kwenye saluni ndogo, na shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Utasema pia wanalipwa kamisheni. Hilo pekee haliwaondolei haki za mwajiriwa ikiwa wewe ndiye unayepanga saa na bei. Anza na ukurasa mmoja, nawe uwe wa kwanza kuufuata.