KUIJENGA RAMANI KWA VIPANDE VYA MIRABA

Mwaka 1953 Solomon Golomb, aliyekuwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyapa jina la poliomino maumbo yapatikanayo kwa kuunganisha miraba iliyo sawa, ubavu kwa ubavu. Miraba minne huunganika kwa namna tano tu, iwapo kipande kinaruhusiwa kugeuzwa na kupinduliwa: mstari, mraba mkubwa, na maumbo yafananayo na herufi L, S na T. Vipande hivyo vina jumla ya miraba 20. Je, vyaweza kuijenga ramani ya Tanzania?

Eneo la nchi yetu, maji ya ndani yakiwemo, ni kilomita za mraba 945,000 hivi. Tukiligawa kwa 20, kila mraba utawakilisha kilomita za mraba 47,250, yaani ubavu wa kilomita 217 hivi. Katika ramani ya kipimo cha 1:5,000,000 ubavu huo ni sentimita 4.3. Mwanafunzi achore miraba ya kiasi hicho juu ya karatasi ya kunakilia, ailaze juu ya ramani, kisha achague miraba 20 ambayo sehemu yake kubwa imo ndani ya mipaka. Unguja na Pemba kwa pamoja hazifikii hata sehemu moja ya kumi ya mraba mmoja, hivyo zitatoweka. Mimi nisingekubali zitoweke. Zichorwe pembeni kwa wino.

Kabla ya kushika mkasi, miraba ya ramani ipakwe rangi nyeusi na nyeupe kwa kupokezana, kama ubao wa drafti. Kila kimoja cha vipande vinne vya kwanza, kikilazwa popote, hufunika miraba miwili myeusi na miwili myeupe. Kipande cha T peke yake hufunika mitatu ya rangi moja na mmoja wa rangi nyingine. Basi vyote vitano lazima vifunike 11 na 9. Ramani yenye 10 na 10, au 12 na 8, haijengeki, hata mtu akeshe akijaribu. Kwa sababu hiyo hiyo mstatili wa 4 kwa 5 haujengeki kamwe. Aliyeshindwa baada ya majaribio mia bado hajathibitisha lolote. Aliyehesabu rangi ameshathibitisha.

Dawa ni kuurekebisha mpaka: uondolewe mraba mmoja wa rangi iliyozidi, uliokatwa na mpaka karibu katikati, na uongezwe wa rangi ya pili wenye hali kama hiyo. Ikiwa rangi zilikuwa 10 na 10, yoyote yaweza kuondolewa. Hata hivyo, kupata 11 na 9 hakuhakikishi kwamba ramani itajengeka. Ni ruhusa tu ya kuendelea kujaribu.

Wenye subira wahamie kwenye vipande 12 vya miraba mitano mitano, jumla 60. Ubavu wa mraba utakuwa sentimita 2.5. Huko hesabu ya rangi haisaidii sana, kwa kuwa kila kipande hufunika rangi zisizolingana. Mstatili wa 6 kwa 10 hujengeka kwa njia 2,339, zilizohesabiwa kwa kompyuta mwaka 1960.

Zoezi: Vipande vya miraba sita ni 35, jumla ya miraba 210. Kati yake 11 hufunika minne ya rangi moja na miwili ya nyingine. 24 hufunika mitatu kwa mitatu. Je, vyaweza kujenga mstatili wowote?