Laptopu Mapajani: Ununue Kipozea cha Aina Gani?

Wahariri wameniambia: wewe mtu wa mitambo, andika kitu kitakachowafaa wote, wa sheria, wa uuguzi na wa biashara. Basi nimeona niandike juu ya joto la mapajani. Msicheke. Wengi wetu hapa Uingereza tunaishi kwenye vyumba ambavyo meza yake, kama ipo, imeshachukuliwa na sufuria na mfuko wa mchele, na tasnifu inaandikwa kitandani, miguu ndani ya blanketi.

Kiswahili chetu kimeiita mashine hii kompyuta mpakato, yaani ya kupakatwa kama mtoto. Jina zuri, lakini vitabu vya maelekezo vya watengenezaji wengi vinakuonya usiipakate kwa muda mrefu. Mwaka 2010 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha habari za mvulana wa miaka 12 kule Uswisi aliyetokwa na mabaka kwenye paja la kushoto, baada ya kucheza michezo ya kompyuta saa kadhaa kila siku kwa miezi. Wakati huo huo ikaelezwa habari ya mwanafunzi wa sheria wa Virginia aliyekuwa akiipakata yake kama saa sita kwa siku. Chini ya mashine palipimwa nyuzijoto 52.

Hali yenyewe si ngeni kwetu. Mama anayekaa miaka karibu na mafiga huota michoro ya rangi kama wavu kwenye miguu. Ndiyo hiyo hiyo. Haiunguzi papo hapo wala haiumi sana, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, maana mtu haondoi mguu. Ukiwahi kuacha, rangi hufifia polepole. Ukiendelea kwa miaka inaweza kubaki, na kwa nadra sana ngozi hiyo ikaja kupata saratani. Ukiona michoro ya namna hiyo nenda kamwone daktari, na umwambie kwamba unapakata laptopu, maana bila kuambiwa anaweza asifikirie.

Kwa wanaume kuna la ziada. Watafiti wa Stony Brook, New York, mwaka 2005 waliwapima wanaume 29 waliokaa saa nzima na laptopu mapajani. Joto la korodani lilipanda kwa zaidi ya nyuzi 2.5. Lakini angalia hili: kukaa tu magoti yamebanwa pamoja, bila mashine, kulipandisha kama nyuzi 2.1. Mwaka 2011 wakatoa matokeo mengine. Magoti yakiwa pamoja, joto lilipanda nyuzi moja kwa dakika 11. Walipoweka kibao chini ya laptopu, dakika 14. Walipopanua miguu na kibao kikiwepo, dakika 28. Utafiti ulipima joto, haukupima nani atapata mtoto na nani hatapata, kwa hiyo asikutishe mtu. Ila inaonyesha wazi kuwa kibao peke yake hakitoshi. Panua miguu, na kila baada ya muda simama ukachemshe chai.

Sasa tuje dukani. Kipozea cha mapajani kina kazi mbili: kuzuia joto lisifike mguuni, na kuipatia mashine hewa. Vingi vinavyouzwa vimetengenezwa kwa kazi ya pili tu, tena juu ya meza. Feni yake inavuta hewa kutoka chini na kuipuliza juu. Mezani kuna vijiguu, hewa inapita. Kiweke mapajani, suruali inaziba matundu yote, feni inazunguka inanyonya kitambaa. Kelele tupu! Kwa hiyo kabla hujatoa pesa kigeuze kipozea uangalie mgongo wake. Ukiona feni ziko wazi moja kwa moja upande utakaogusa paja, kirudishe rafuni. Unachotaka ni kile kinachovuta hewa kwa ubavuni au kwa nyuma, na chini yake kiwe kimefungwa, ikiwezekana kiwe na mto wa sponji. Sponji na mbao hupitisha joto kidogo sana. Wavu wa chuma unang'ara na unafaa mezani, ila mapajani chuma hicho hicho ndicho kinachokuletea joto. Taa za bluu hazipozi chochote.

Pili, ijue mashine yako inavutia hewa wapi. Iache ifanye kazi nzito hadi uisikie feni yake, iinue, kisha pitisha kipande chembamba cha karatasi ya chooni karibu na matundu. Karatasi inaponyonywa, hapo ndipo hewa inapoingia. Inaposukumwa, ndipo inapotokea. Feni ya kipozea ipulize penye kuingilia. Ikipuliza sehemu isiyo na tundu inafaidisha kidogo tu. Nyingine huvuta hewa kwenye kibodi au penye bawaba ya kioo, na nyingine hazina feni kabisa, mfano MacBook Air tangu zile za M1 za mwaka 2020. Mwenye hizo mimi ninamshauri anunue kibao chenye mto bila feni, atumie pesa iliyobaki kwa mambo mengine.

Umeme wa feni unatoka kwenye betri yako mwenyewe. Tundu la USB la zamani, 2.0, hutoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5. Tuseme betri yako ni ya wati-saa 50 na mashine inakula wati 10: unapata saa tano. Ongeza kipozea kinachokula wati 2.5 zote, unabaki na saa nne. Kwa anayesomea kwenye treni hiyo si tofauti ndogo. Na angalia plagi, kwani laptopu nyingi za sasa zina matundu ya USB-C tu, na vipozea vingi bado vina ile plagi pana.

Feni haipunguzi joto chini ya joto la chumba. Wenzetu wa Muscat na Doha, na sisi tukirudi likizo Mombasa au Dar, tusitegemee maajabu chumba kikiwa na nyuzi 33. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, ndiyo maana programu ya hesabu iliyokwenda vizuri asubuhi inatambaa mchana. Mara nyingi dawa yake ni kusafisha vumbi ndani, wala si kununua kitu. Na blanketi likae mbali na matundu.

Asiye na pesa achukue ubao wa kukatia mboga, uwe mpana kuliko laptopu, agundishe vizibo vinne vya soda chini ya pembe za mashine, vya nyuma viwe viwiliviwili ili nyuma iinuke. Hewa itapita na paja litahamiwa na mbao. Mimi ndio ninaoutumia mpaka leo, japo nina shahada ya uhandisi.

Atakayenunua apime. Programu za bure za kusoma joto la prosesa zipo tele. Fanya kazi ile ile nusu saa bila kipozea, kisha nusu saa nacho, na uguse paja kila mara. Ukiona tofauti ni nyuzi moja mbili na paja bado lina moto, kirudishe. Ukinunua mtandaoni hapa Uingereza, kwa kawaida una siku 14 tangu upokee mzigo za kuuvunja ununuzi, kwa hiyo jaribio hilo lifanye wiki ile ile kilipofika na boksi usilitupe.