Vinasaba, Asili na Ardhi: Majibu kwa Wasomaji wa Tana River

Barua za Bangale, Garsen, Hola, Kipini, Madogo na hata Lamu nimezisoma zote. Nimejibu zile zinazonitia wasiwasi. Anayeuliza DNA ni nini amwendee mwalimu wa bayolojia wa sekondari iliyo karibu naye.

Je, DNA inaweza kuonyesha nani alifika mtoni kwanza, Mpokomo au Muorma, tupeleke matokeo kwenye kesi ya ardhi? (Wasomaji kadhaa, Bangale na Garsen)

Hapana, na naomba swali hili liishie hapa. Vinasaba hueleza mababu wa mtu walichanganyika na watu gani, na takriban karne gani. Haviwezi kusema walinywesha ng'ombe ukingo upi wa Tana, wala nani alipanda migomba wapi. Watu wa mto huu wameoana na kuazimana maneno tangu zamani. Kwa mfano, Wailwana wa mto huu wanasema lugha ya Kibantu iliyojaa Kiorma. Mwaka 2012 na 2013 tulizika watu, watoto wakiwemo, waliouawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma kwa ajili ya malisho, maji na mashamba. Mwanasiasa anayekuja kuongeza habari za damu juu ya hayo, msimpe kipaza sauti.

Siku ya soko kuna mtu anachukua mate kwa pamba, anatoza pesa na kuahidi kukutajia kabila lako. Tumwamini? (Bangale)

Mnyimeni mate, mnyimeni na pesa.

Kundi langu la damu ni B. Nimeambiwa hiyo ni dalili ya asili ya Kihindi. (Hola)

Si kweli. Kundi B liko Afrika, Asia na Ulaya, na ni kongwe kuliko taifa lolote.

Babu yetu alitoka Shiraz. Utafiti wa 2023 umethibitisha. Basi sisi ni Waajemi? (Barua za Kipini, Garsen na Lamu, nimeziunganisha)

Hili ndilo kosa ninalolisikia kila mahali, kwa hiyo nivumilieni.

Utafiti huo ulitoka katika jarida la Nature. Waliouongoza ni pamoja na Esther Brielle na David Reich wa Harvard na mwanaakiolojia wetu Chapurukha Kusimba. Walipima mabaki ya watu 80, wengi wao wakitoka kwenye makaburi ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Songo Mnara na Kilwa, na wengine Makwasinyi huko bara. Waligundua kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi, wanaume kutoka Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Kulikuwa na chembe ya Uhindi pia. Baada ya 1500 hivi, damu iliyoingia ilikuwa zaidi ya Uarabuni.

Kwa hiyo masimulizi ya wazee kuhusu Shiraz hayakuwa uongo. Lakini tazameni upande ambao hakuna aliyeniandikia habari zake. Vinasaba vinavyorithiwa kwa mama pekee ni vya Kiafrika karibu vyote. Wengi wa waliopimwa pwani walikuwa na nusu au zaidi ya urithi wao kutoka Afrika. Lugha ilibaki Kibantu. Na mji wa Shanga kisiwani Pate, alikochimba mwanaakiolojia Mark Horton miaka ya 1980, ulikuwa na wakazi tangu karne ya 8, kabla ya mchanganyiko huo. Wageni waliukuta mji, wakaoa humo, na watoto wao wakaongea lugha ya mama zao.

Sasa hesabu. Rudi nyuma vizazi 10. Una nafasi 1,024 za mababu na nyanya. Kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, ni ya mmoja tu kati yao. Urithi wa mama hadi mama ni wa mmoja mwingine. Wamebaki 1,022, na sehemu kubwa yao hawakukuachia hata kipande cha vinasaba, ingawa bila wao usingezaliwa. Ukichukua yule mmoja wa Shiraz ukamwita asili yako, umewafuta wote hao, na wa kwanza kufutwa ni nyanya zako. Hilo linaniudhi kuliko hesabu mbovu yenyewe.

Tena kwa walioandika kutoka Kipini: Ungwana, mji wa kale ulio karibu nanyi, haumo kati ya miji iliyopimwa.

Wahindi wenye maduka wote ni watu wa asili moja? (Garsen)

La. Kuna Wagujarati, Wapunjabi, Wagoa na wengine. Kwa ujumla Bara Hindi lina mchanganyiko wa wawindaji wa kale wa huko, watu wenye undugu na wa Iran ya kale, na wafugaji wa nyika za kaskazini waliofika kati ya 2000 na 1500 kabla ya Kristo. Kila jamii ina kipimo chake. Na safari ilikuwa ya pande zote: Wasidi wa Gujarat na Karnataka wana mababu wa Afrika Mashariki. Mwaka 2017 serikali yetu iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44, na haikumpima mtu mate.

Watafiti wakija kutaka sampuli, tukubali? (Madogo)

Ulizeni kwanza kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Wawaeleze kwa Kiswahili sampuli inakwenda wapi, itakaa muda gani, na matokeo yatarudi kwenu vipi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, na una haki ya kukataa.

Vijana wanachimba magofu wakitafuta hazina. Kuna ubaya? (Kipini)

Ubaya mkubwa. Joto letu huozesha vinasaba, na mara nyingi kinachobaki ni unga kidogo ndani ya mfupa mgumu wa sikio, au kwenye jino. Sururu moja inavunja hicho, na mkono mtupu unakichafua kwa vinasaba vya mshikaji. Mafuriko yakifunua fuvu, lifunikeni, msilihamishe, na mpeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.