Wazazi Watatu na Daftari Moja: Vidokezo kwa Songea

Mtoto yuko darasa la nne na bado anahangaika na kitabu cha darasa la pili. Mwingine anaitwa mara tatu hageuki. Mwingine hajapelekwa shule kabisa, anashinda uani na kuku. Mzazi wa kila mmoja wao anadhani yuko peke yake, kwa kuwa jambo hili halisemwi kisimani wala sokoni. Ukiwa Bombambili, Lizaboni, Mfaranyaki au mtaa wowote wa Songea, vidokezo hivi ni vya kukusaidia wewe na wenzako mkae pamoja, na mkishakaa, kikao kizae kitu.

1. Anzeni watatu.
Msisubiri katiba, mhuri wala mgeni rasmi. Wazazi watatu kwenye mkeka mmoja ni kikundi tayari. Kuwapata si kazi ngumu ukijua pa kuuliza: mwalimu wa darasa la kwanza, muuguzi wa kliniki ya watoto, katekista, imamu, mjumbe wa nyumba kumi. Hao wanazijua nyumba. Ila usiende kwa mtu ukamwambia, "Nasikia mwanao ana matatizo." Tanguliza ya kwako: "Mwanangu anapata shida kusoma, natafuta wenzangu tushauriane." Aliyekuwa anaficha atakukaribisha ndani.

2. Yapigeni marufuku majina.
Kilaza, zezeta, taahira, mbumbumbu. Siku ya kwanza kabisa kubalianeni kwamba maneno hayo hayatamkwi kikaoni, wala nyumbani mbele ya mtoto, hata kwa hasira. Semeni kinachoonekana: haoni vizuri, hasikii, anachelewa kusoma, ana usonji, ana ulemavu wa akili, ana mtindio wa ubongo. Usonji na mtindio wa ubongo ni vitu viwili tofauti, na watu wengi huvichanganya. Wa kwanza unagusa namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, wa pili unagusa mwendo na misuli. Na yanayosemwa mkekani yabaki mkekani. Mama mmoja akisikia habari za mwanawe zinarudi kwake kupitia gengeni, hatakuja tena, na atakuwa na haki.

3. Fuateni msimu wa shamba.
Songea ni mji wa mahindi. Kikao kilichopangwa wakati wa kupanda au katikati ya palizi kitakosa watu, nanyi mtawalaumu bure. Wakati wa kilimo kutaneni mara moja kwa mwezi, saa moja tu, Jumamosi alasiri. Baada ya mavuno ongezeni. Juni na Julai baridi ya huku mnaijua, kwa hiyo tafuteni chumba na chai ya moto. Na akina baba waje. Mama akibeba jambo hili peke yake kwa miaka, huchoka hata kabla ya kufika ofisi ya kwanza.

4. Nunueni daftari.
Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote. Kila mzazi awe na daftari dogo la mtoto wake, na kila wiki aandike mistari mitatu au minne ya alichokiona kwa macho yake. "Hajui kusoma" haimsaidii mwalimu wala daktari. Andika hivi: anasoma *baba*, *kata*, *meza*, anakwama kwenye *mbwa*, *nywele*, *ng'ombe*. Anachanganya b na d. Anasoma sentensi moja kwa dakika mbili kisha hakumbuki ilisema nini. Anahesabu vizuri akiwa na vizibo vya soda, akiandikiwa ubaoni anapotea.

Kiswahili kina tabia moja ambayo wazazi wengi hawaifikirii. Tunaandika kama tunavyotamka, hivyo mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma unaotokana na namna ubongo unavyoshughulikia sauti na herufi, anaweza hatimaye kusoma maneno kwa usahihi. Kinachomfichua ni mwendo. Anasoma polepole mno, silabi kwa silabi, wakati wenzake wameshafungua ukurasa mwingine. Mtu anayemsikiliza kwa sekunde chache atasema anajua kusoma ila ni mvivu. Daftari lenye dakika na tarehe ndilo litakaloonyesha kwamba si uvivu.

Andikeni pia lugha ya nyumbani. Mtoto aliyekulia kijijini kwa bibi akizungumza Kimatengo, Kiyao au Kingoni, kisha akaletwa mjini kuanza shule kwa Kiswahili, anaweza kukaa kimya miezi mingi. Huyo anajifunza lugha, hana ulemavu. Mpeni muda na hadithi nyingi za Kiswahili.

5. Masikio na macho kwanza.
Kabla ya kuwaza jambo zito, mpelekeni mtoto akapimwe kusikia na kuona. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, na mkipewa rufaa mwende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika, na maambukizi ya masikio ni mojawapo. Sikio linalotoka usaha kila masika linahitaji kutibiwa. Usikubali kuambiwa ataacha akikua.

Nyumbani mnaweza kuona dalili. Simama nyuma ya mtoto hatua chache, mwite kwa sauti ya chini asipokuona mdomo. Mwangalie anavyoshika kitabu: karibu na pua? Anakunja uso kutazama ubao? Na yule "anayeota mchana", anayekodoa macho sekunde chache kisha kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, mwambieni daktari habari zake, kwa sababu kipo kifafa kisichomwangusha mtu. Mtoto aliyekwisha kuandikiwa dawa za kifafa asiachishwe kwa ushauri wa mtu yeyote asiye tabibu. Kikundi kiwe na mtu mmoja wa kuwakumbusha wengine tarehe za kliniki.

6. Nendeni shuleni wawili wawili.
Mzazi mmoja akienda peke yake hutetemeka au hufoka. Wawili husaidiana maneno. Salimieni, ulizeni hali ya mwalimu na darasa lake, kisha fungueni daftari. Kumbukeni kwamba mwalimu huyo ana watoto wengi kuliko madawati, kwa hiyo ombeni mambo madogo anayoweza kuyafanya kesho: akae mbele, apewe maelekezo moja baada ya jingine, aulizwe kwa mdomo pale kalamu inapomshinda, asisimamishwe asome mbele ya darasa zima kabla hajajiandaa.

Mlango mnao. Mradi wa Tusome Pamoja, uliofanya kazi Ruvuma pamoja na Iringa, Morogoro, Mtwara na Zanzibar kuanzia 2016, ulihimiza UWW, yaani Ushirikiano wa Wazazi na Walimu. Ulizeni kama wa shule yenu ungali hai. Kama umelala, uamsheni nyinyi, na ombeni ajenda ya watoto wanaobaki nyuma katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, iwe ya kudumu kwenye kila kikao. Ulizeni pia kama kuna mwalimu aliyepita Chuo cha Patandi kule Arusha, ambako walimu husomea elimu maalumu. Mwalimu wa namna hiyo hata akiwa shule ya jirani, mwalikeni kwenye mkeka wenu Jumamosi moja.

7. Ijueni ngazi, na sheria.
Mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, afisa elimu kata, kisha ofisi ya elimu ya manispaa au halmashauri kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Pembeni yake yupo afisa ustawi wa jamii. Swali lenu liwe moja: mtoto huyu apimwe wapi na lini, ili ijulikane anahitaji msaada darasani, kitengo cha elimu maalumu, au shule maalumu? Kila ofisi andikeni jina la mliyeonana naye, tarehe na alichoahidi. Hapo tena daftari linafanya kazi yake.

Mkiambiwa "huyu hatumwezi", jibuni kwa adabu na kwa sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inampa mwenye ulemavu haki sawa ya elimu, na inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida isipokuwa anapohitaji mawasiliano maalumu. Toeni nakala ya kifungu hicho, ikunjeni ndani ya daftari.

Kwa mtoto kiziwi, Songea ina bahati: ipo shule ya viziwi Ruhuwiko. Lakini mzazi akimpeleka huko kisha asijifunze Lugha ya Alama, mtoto atarudi likizo akiwa mgeni kwao. Hili linaniuma kila ninapolifikiria. Jifunzeni kama kikundi, ishara kumi kila kikao, na kaka na dada zake wawemo.

8. Mtihani una nafasi yake.
Baraza la Mitihani huwawekea watahiniwa wenye mahitaji maalumu utaratibu wao: maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, breli kwa wasioona, na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Hayo hayaji yenyewe siku ya mtihani. Shule lazima iwe imetoa taarifa za mtoto wakati wa usajili, kwa hiyo mwulizeni mwalimu mkuu mapema, mwaka mmoja kabla ya mtihani.

9. Fedha kidogo, kwa kazi moja.
Wekeni kibubu cha nauli za hospitali na ofisini. Kisigeuke kikoba cha mikopo, maana siku marejesho yakichelewa mtaanza kuzungumzia madeni na watoto watasahaulika. Wenye nia ya biashara waunde kikundi kingine. Hapo mkaonane na afisa maendeleo ya jamii, kwani katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya vikundi, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu.

Na asije mtu mkekani kuuza mafuta, mizizi au vidonge vya "kufungua akili".

10. Aliye uani naye ahesabiwe.
Mkishazoeana, kila mmoja ataje nyumba moja anayoijua yenye mtoto asiyekwenda shule. Gaweni nyumba hizo. Elimu ya msingi ya serikali haina ada, na uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza hufanyika kabla ya Januari, ndiyo sababu kazi hii ifanyike Septemba na Oktoba, wakati bado kuna siku za kumpima mtoto na kuzungumza na mwalimu mkuu. Mzazi mwenzangu, hiyo nyumba unayoifikiria sasa hivi unapomaliza kusoma, nenda kabishe hodi Jumamosi hii.